Nani Anaizima Pikipiki ya Kinyozi

Kabla sijasema neno, weka mkono kifuani uape. Sema: haya ya pikipiki ya Kinyozi yakiingia sikioni mwangu hayatatoka mdomoni mwangu. Umesema? Haya, vizuri. Maana kuna mtu alishikwa pale kijiweni mchana kweupe, watu wote wakitazama, na siku hiyo hiyo kijiwe kizima kikaapishwa kwamba jina lake halitavuka barabara. Aliyewaapisha ni mimi. Mimi ndiye mkubwa wa umri pale, na siri napenda ishikwe vizuri. Nimemwambia muuza nyanya tu, kwa kuwa alinichagulia nyanya ngumu, na dada yangu kwa simu, na yule mama wa duka la sabuni ambaye alikuwa ameshasikia nusu, na mimi sipendi mtu atembee mjini na nusu ya habari. Wewe ni wa mwisho.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, mguu wake mmoja ni tofali, limeegemea ukuta wa kibanda cha kunyolea. Mwisho wa benchi nakaa mimi na jiko langu la mkaa, birika na vikombe. Kahawa nauza, habari natoa bure. Anayekaa karibu nami ni Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kila jambo la dunia hii analipima kwa lori. Anafuata Waya, fundi redio. Hata jino likimuuma anasema ni shoti. Kisha Sentimita, fundi cherehani, mkanda wa kupimia shingoni hata akienda msibani. Kinyozi mwenyewe hutoka na kuingia, mashine mkononi, akimwacha mteja na kichwa nusu ili aje amalizie ubishi. Ubavuni mwa kibanda kuna kichochoro kinachokwenda uani. Huko ndiko kuna bomba la maji na choo, kwa hiyo hakuna mtu wa kijiwe asiyepita humo. Na humo ndimo ilimokaa pikipiki.

Ilikuwa ya mjomba wake Kinyozi. Ndogo, ya zamani, imekonda kama mbuzi wa kiangazi, ina umri mkubwa kuliko ndoa ya Kinyozi. Ilikaa bandani kwa mjomba miaka na miaka, kuku wakitagia ndani ya taa. Kinyozi akaikokota mpaka kwake, akasema ataifufua, awe anakwenda kunyoa wagonjwa na wazee majumbani. Alikuwa ameshamwahidi mzee mmoja aliyepooza, mteja wake tangu alipofungua kibanda, kwamba ndevu zake hazitamfika kifuani.

– Utaifufua kwa fedha gani? mke wake, Mama Pacha, akamuuliza.

– Kwa akili.

Mama Pacha akacheka mpaka akashika ukuta. Akili yenyewe ilikuwa ya kuazima, na aliazima kwetu. Ndipo ujue hali.

Kiti alikishona Sentimita kwa kipande cha pazia, maua makubwa ya zambarau, ukikaa unaonekana umekalia dirisha la mtu. Gasketi za injini, zile za kuzuia mafuta yasivuje, Kinyozi alizikata kutoka boksi la biskuti, kwa mkasi ule ule wa ndevu. Waya akafunga honi kwa spika ya redio mbovu; ukiibonyeza inakohoa kama mgeni anayetaka kuomba maji. Tangi lilikuwa limejaa kutu, tukatia siki na kokoto, tukawa tunalitikisa kwa zamu. Breki alilitikisa mpaka akakaa chini ameshika kiuno. Mimi nililitikisa kidogo, nikatangaza kwamba hiyo ni kazi ya vijana. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, Kinyozi aliiosha kwa mswaki. Mama Pacha aliposwaki asubuhi yake, hilo nalo lilikuwa na kelele zake, lakini tusipotee njia.

Mama Pacha anafua nguo za watu. Kamba zake zinapita juu ya kichochoro, toka ukuta hadi ukuta. Siku pikipiki iliporusha mafuta meusi kwenye shuka la mteja, alikuja kijiweni mikono ina povu, akasimama mbele ya mumewe, na sisi wote tukakaa wima kama wanafunzi.

– Jumamosi mnunuzi wa chuma chakavu anapita, akasema. Ikitoka hapa ikafika barabara ya lami na kurudi, ibaki, na mimi mwenyewe nitakuwa naipangusa. Ikizima yenyewe, iwe njiani au hapa hapa, inapanda mkokoteni. Sitaki maelezo.

Kinyozi akakubali. Angefanyaje?

Na usidhani ilikuwa haiwaki. Jumatatu jioni iliwaka. Tulisimama wote kama tunaangalia mtoto anajifunza kutembea. Jumanne asubuhi, kimya. Jioni Kinyozi akachokonoa kabureta, ikawaka. Asubuhi, kimya. Ikawa ndiyo ratiba: jioni inaimba, asubuhi imekufa. Ilipofika Alhamisi Kinyozi alitoka kichochoroni kiatu kimefunguka mdomo kwa kukanyaga kiki.

Kinyozi: Jana jioni iliwaka au haikuwaka?

Sentimita: Iliwaka. Hata mimi niliacha suruali ya mtu chini ya sindano nikaja kusikiliza.

Kinyozi: Basi leo ina nini?

Breki: Imechoka.

Kinyozi: Imechoka na nini, mzee? Imelala usiku kucha.

Breki: Ndiyo hiyo sasa. Kwa umri ule, ukilala sana unaamka kila kiungo kinauma. Muulize Bibi hapo.

Mimi: Niachie viungo vyangu. Mimi asubuhi nawaka bila kukanyagwa.

Breki: Unawaka, dada, lakini moshi.

Wakacheka wote. Nikammiminia kahawa ya chini ya birika, ile yenye masimbi, naye akanywa bila kujua ameadhibiwa.

Waya: Sio uchovu. Ni mnara.

Kinyozi: Mnara upi?

Waya: Ule wa simu, nyuma ya shule. Usiku ndio watu wanapigiana simu za mapenzi, mnara unataka umeme mwingi, unavuta popote unapopata. Plagi yako ni ndogo. Ikifika alfajiri imeshanyonywa.

Sentimita: Mbona redio zako hazinyonywi?

Waya: Nazifunika kitambaa.

Sentimita: Na wewe je? Simu unailalia.

Waya: Kwani asubuhi umeniona niko sawa?

Breki: Hilo hatukubishii.

Kinyozi: Jamani, keshokutwa ni Jumamosi.

Sentimita: Ngoja nikwambie ukweli, nisikufiche tena. Ni kiti.

Kinyozi: Kiti kinawashaje injini?

Sentimita: Hakiwashi, ndio tatizo. Lile pazia lilikuwa la chumba cha kulala. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuzuia asubuhi isiingie. Umelipeleka mahali pa kuamka mapema, halijui.

Kinyozi: Fundi, wakati unashona hukusema.

Sentimita: Uliomba pazia la bure. La sebuleni lilikuwa na mwenyewe.

Breki: Wahenga walisema...

Waya: Mzee, wahenga hawakuwa na pikipiki.

Breki: Haya, sisemi. Nitasema niliyoyaona kwa macho. Injini ina kumbukumbu. Nilikuwa na lori mimi, kila likifika kilima kimoja linazima. Tunashuka, tunafungua, hatuoni kitu, linawaka. Safari nyingine, pale pale. Kuja kuuliza, dereva wa kwanza alikuwa na mwanamke pale kileleni. Dereva aliacha kazi, mwanamke akahama, lori bado linasimama kusalimia.

Waya: Na sasa lina hali gani?

Breki: Waliliuza kwa watu wa tambarare. Haya, Kinyozi, mjomba wako alikuwa anaamka wakati gani?

Kinyozi: Mjomba? Mjomba hakuwahi kuamka kabla jua halijamkuta usoni.

Breki: Nimemaliza mimi.

Akaegemea ukuta kama mtu aliyeshinda kesi. Waya akasema hata kama injini ina kumbukumbu, kumbukumbu nayo ni umeme, kwa hiyo tunarudi kwenye mnara. Sentimita akapima urefu wa benchi bila sababu. Mimi niliona ubishi unapoa na kahawa inapoa, nikatia langu.

Mimi: Ni kuku.

Kinyozi: Kuku gani, Bibi?

Mimi: Wale waliokuwa wanatagia kwenye taa. Umewanyang'anya nyumba bila kuwaambia.

Kinyozi: Bibi, kuku wako kwa mjomba. Ni safari ya kutwa.

Mimi: Nimesema wanakuja kwa miguu?

Hakuna aliyecheka. Sentimita aliinua nyayo zake kutoka chini taratibu, akazikunja juu ya benchi. Nikaona nimefika mahali pazuri, nikapunguza sauti, maana jambo zuri linataka sauti ya chini.

Mimi: Lakini tuache kuku. Tujiulize tu. Pikipiki isipowaka Jumamosi, nani anapata nafasi ya kamba zake kichochoroni? Sijataja mtu. Nasema tu, kuna mtu anafua na kuanika hapa, na ameshasema anataka iondoke, na anaamka kabla yetu sote.

Pembeni yetu, kwenye mdomo wa kichochoro, lilikuwa limeanikwa shuka jeupe. Shuka likasema:

– Bibi, hili shuka ni jepesi. Nasikia.

Mama Pacha akalisogeza kando kama mlango, akatoka na vibanio mdomoni, akavitema kwenye kiganja.

Mama Pacha: Shikamoo kwanza.

Mimi: Marahaba, mwanangu. Tulikuwa tunakutaja kwa wema.

Mama Pacha: Nikitaka kuiua ile pikipiki siwezi kuvizia asubuhi. Nitaikalisha pale mchana, niipige na jiwe langu la kufulia, nanyi mkae hapo hapo kwenye benchi mhesabu. Mimi nimempa mume wangu Jumamosi. Nimesema ikizima yenyewe. Sijasema nitaizima.

Akarudi nyuma ya shuka. Kinyozi akatutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akaingia kumalizia kichwa cha mtu.

Ubishi ukaisha vile unavyoishaga: kila mtu akakumbuka haja. Breki akapita kichochoroni, akarudi. Waya akapita, akarudi. Sentimita akapita na mkasi wake, akasema mkasi mzuri hauachwi ovyo. Mimi nikaenda kujaza birika.

Jioni ikawaka. Ijumaa asubuhi, kimya. Ijumaa jioni ikawaka tena, vizuri kuliko siku zote, mpaka Kinyozi akatununulia kahawa yangu mwenyewe. Usiku ule nadhani alilala vizuri, maskini.

Jumamosi ilipofika, Kinyozi aliivuta pikipiki mpaka mbele ya kibanda ili kila mtu aone. Aliipaka mafuta ya nywele tangi na mbavu, ikawa inanukia kama bwana harusi. Ndani alikuwa amemwacha mteja, kichwa upande mmoja kimesafishwa na upande mwingine bado msitu. Naye akaona asikose, akatoka na kitambaa chake shingoni, akasimama mlangoni. Mama Pacha akaja ametoka kufua, mikono ya povu imekunjwa. Mnunuzi wa chuma chakavu akafika na mkokoteni wake na mizani ya ndoano, kijana mrefu mpole, mara yake ya kwanza kukaa benchi letu. Nikampa kikombe.

Kinyozi akakanyaga kiki. Kimya. Akakanyaga. Kimya. Akapumzika, akaiambia neno sikioni, akakanyaga. Ikatoa sauti moja kama mtu aliyekanyagwa kidole kwenye foleni, ikanyamaza.

Waya: Mnara umefanya kazi usiku.

Breki: Jua halijaifika usoni, ipeni muda.

Sentimita: Nivue lile pazia?

Kinyozi alikuwa ameshaiacha kiki. Alikuwa amekaa chini kwenye ukingo wa mfereji, mikono magotini. Hapo ndipo nilipoona kwamba kwake yeye haikuwa mzaha. Alikuwa anamfikiria yule mzee na ndevu zake.

Mnunuzi akaweka kikombe, akachuchumaa kuangalia mahali pa kupitisha ndoano. Akaangalia huku, akaangalia huku, akakaa pale muda.

Mnunuzi: Samahanini, wakubwa zangu. Kuna kitu sielewi.

Breki: Uliza, mwanangu. Kwenye benchi hili halijawahi kukaa swali likakosa jibu.

Mnunuzi: Pikipiki yote hii imeliwa na kutu. Kila skrubu imeganda. Lakini hii moja, hii ndogo ya hewa hapa kwenye kabureta, inang'aa kama pete ya uchumba, na kichwa chake kimelika. Nani anaigeuza?

Swali lenyewe ndilo hilo, jepesi, hata mtoto angeliuliza. Waya alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa zamani. Sentimita alijipima paja, akaona halitoshi, akapima la pili. Breki, mwenye majibu ya nchi nzima, aliona kitu cha maana sana kwenye paa la jirani.

Kinyozi: Naigeuza mimi. Jioni, nikiiwasha.

Mnunuzi: Mara moja kwa siku haiwezi kulika hivi.

Mama Pacha: Basi swali linabaki. Nani mwingine?

Nikamimina kahawa. Vikombe vilikuwa vimejaa, nikamimina hivyo hivyo.

Breki: Mimi kidogo tu. Robo. Asubuhi nikipita kwenda kule.

Kinyozi: Mzee.

Breki: Ilikuwa inalia juu sana, mwanangu. Jioni naisikia kama mbu. Injini inatakiwa ingurume tumboni. Nikasema nimtelemshie kidogo, asijue, siku ikitembea nijue moyoni ni mkono wangu.

Waya: Kumbe ni wewe? Mimi kila jioni naisikia imefifia, kama stesheni ya mbali, nikifika pale asubuhi naipandisha kidogo ipate sauti safi. Nikawa nashangaa mbona hainyooki.

Sentimita: Basi nyote wawili mmenitesa. Mimi nilisikia mishono yake hailingani. Tak-tak, halafu tak. Kila siku naiweka sawa kwa ncha ya mkasi.

Kinyozi: Kwa hiyo jioni natega, asubuhi mzee anateremsha, Waya anapandisha, fundi analinganisha.

Sentimita: Tulikuwa tunakusaidia.

Kinyozi: Mngeniambia.

Waya: Ungesema sisi si mafundi wa pikipiki.

Kinyozi: Kwani nyinyi ni mafundi wa pikipiki?

Waya: Si unaona? Ndio maana hatukusema.

Hapo mimi nikaona mahali pa mtu mzima kusema. Nikasimama na birika langu.

Mimi: Hamna haya. Wanaume wazima, mmoja ana wajukuu. Mtu anahangaika na chombo chake, anaomba siku ziende vizuri, nyinyi mnapita mnakwenda chooni na kuchokonoa. Halafu mnakaa hapa mnaleta minara na mapazia. Mngemtazama usoni huyu kijana, mngeona aibu.

Waliinamisha vichwa, hata Breki. Mteja wa nusu kichwa akasema, "Kweli kabisa, Bibi." Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Mtu akishakuwa na mvi na birika mkononi, haulizwi.

Mama Pacha: Haya. Nyie watatu, ukutani. Mikono nyuma. Sitaki kuona kidole.

Wakaenda, wakajipanga ukutani mikono nyuma, kama wamechelewa shule. Breki akaomba angalau mkono mmoja wa kushikia kikombe, akanyimwa.

Mama Pacha: Bibi, wewe endelea na kahawa yako.

Kinyozi akachukua bisibisi. Akaifunga ile skrubu mpaka mwisho, akaifungua taratibu, anasikiliza kwa vidole. Akakanyaga kiki mara moja. Ikawaka. Si ile ya kukohoa, hapana. Iliwaka kama mtu aliyeitwa jina lake zuri akaitika. Mteja akapiga makofi, nywele zikamdondoka mabegani. Mnunuzi mwenyewe akatabasamu, na yeye ndiye aliyekuwa anapoteza.

Mama Pacha: Bado. Aende lami, arudi. Ikizima yenyewe, kaka, ni yako.

Mnunuzi: Sawa, dada. Nasubiri.

Kinyozi: Nivue aproni tu. Nichukue na mashine zangu, nikifika lami nirudie kwa mzee yule nimnyoe kabisa.

Mama Pacha: Nimesema lami na kurudi. Mzee baadaye.

Kinyozi: Basi nivue aproni.

Akaingia ndani anakimbia. Pikipiki ikabaki imesimama peke yake inanguruma, na kila mtu amegeuza uso kumtazama Kinyozi anavyohangaika na kamba ya aproni mgongoni.

Sasa haya ninayokwambia ni ya wewe na mimi.

Mimi nimechemsha birika miaka mingi kuliko umri wa watu wengi wa mtaa huu. Najua maji yanavyosema kabla hayajachemka, yanapochemka, na yanapotaka kumwagika. Silihitaji jicho. Na nilikuwa nimesimama karibu na ile injini kuliko mtu mwingine. Nikaisikia. Inakwenda vizuri, inakwenda vizuri, halafu kama kwikwi. Ndogo sana. Hawa wengine wasingeisikia, maana mmoja masikio yameharibiwa na lori, mmoja na redio, mmoja na cherehani. Nilichokuwa natafuta siku zote kwenye skrubu hiyo kila nikienda kujaza maji ni ile sauti ya birika linapotulia, na walikuwa wakiniharibia, sikuwa najua ni nani. Sasa wote wamefungiwa mikono. Ilibaki chembe tu. Robo ya robo.

Kijiko changu cha sukari kina mpini mwembamba. Mkono wangu ukajua njia wenyewe.

Pikipiki ikasema "hee," ikazima.

Kinyozi akatokea mlangoni aproni iko bega moja, na uso wake sitaki kuukumbuka. Mnunuzi akashusha pumzi, akainua mizani yake, akaanza kukunjua ndoano pole pole, kama mtu anayeona haya kazi yake. Breki, Waya na Sentimita wakazidi kujibana ukutani, mikono nyuma, na naapa sijawahi kuona watu watatu wasio na hatia wanaofanana na wezi kama wale.

Wote walikuwa wanaitazama ile ndoano. Ningeweza kuinuka taratibu nikarudi kwenye jiko langu, na mpaka leo mnara ungekuwa ndio mkosaji. Nilivuta kijiko. Hakikutoka. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimeliwa vibaya, kikauma mpini, kikaukatalia kabisa. Nikavuta tena, nimeinama, najifanya natafuta kitu chini.

Mkono wenye povu ukanishika kifundo cha mkono.

Mama Pacha: Bibi.

Mimi: Nilikuwa naipangusa, mwanangu.

Mama Pacha: Kwa kijiko cha sukari?

Mimi: Kitambaa sikukiona.

Breki: Dada, si ulisema hatuna haya?

Mimi: Nyamaza, mikono nyuma.

Mnunuzi: Samahani, dada. Kwa hiyo napima au sipimi?

Mama Pacha alinitazama mimi, akamtazama mumewe na aproni yake ya bega moja. Hakuniachia.

Mama Pacha: Mimi nilisema ikizima yenyewe. Hii ameizima mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyu, nimemkamata, nyote mmeona. Kaka, shusha mizani. Na wewe mume wangu, chomoa hicho kijiko, iweke ilivyokuwa, washa, uende lami. Huyu nitakuwa nimemshika mpaka urudi.

Kinyozi akachomoa kijiko, akanikabidhi kwa heshima zote, akaigeuza skrubu, akakanyaga. Ikawaka mara ya kwanza. Akakaa juu ya yale maua ya zambarau, honi ikakohoa, akaondoka kuelekea lami, na wale watatu ukutani wakaanza kucheka mmoja baada ya mwingine mpaka wakaliangukia benchi, likatoka kwenye tofali lake.

Na mimi pale, mkubwa wa kijiwe, nimeinama mbele ya watu wote na yule mteja wa nusu kichwa, mkono umeshikwa, kijiko hewani, nikawa naisikia inavyopotelea mbali, na bado ina kwikwi kidogo.